Usiku wa Maboga, Nyali

Mwisho wa Oktoba, na joto limekaa shingoni
kama mkono wa mdai.
Nimepakia wanne kwenye tuktuk ya watu watatu:
Saumu binti yangu, Swabra na Nuhu wa jirani,
na shangazi yao Riziki, aliyeapa haji,
kisha akaja na kanga ya pili begani
eti kwa ajili ya umande.

Tukatoka Kisauni, tukaipita Kongowea
na vitunguu vyake vimelazwa chini ya maturubali,
hadi kule ambako barabara haina shimo
na mbwa hubweka kwa zamu.

Nyumba ya kwanza: popo wa karatasi mlangoni.
Nuhu akacheka mpaka akapaliwa.
Popo! Na kwetu kila magharibi
wa kweli wanapigana mkunguni,
asubuhi tunafagia kokwa.

Nyumba ya pili: utandabui wa pamba juu ya mlangilangi,
na mifupa ya plastiki imeketi kwenye viti vya bustani,
mguu juu ya mguu,
kama inayongojea kahawa.
"Hawa walikufa kwa maradhi gani?" Saumu akauliza.
"Kodi ya nyumba," Riziki akajibu.

Ya tatu, mlinzi wake Mwaringa namjua,
nimeshamfikisha Kadzandani kwa mkopo mara mbili.
Leo amevishwa shuka jeupe, utosini hadi viatuni,
matundu mawili ya macho,
rungu lake bado mkononi.
"Shebwana," akaninong'oneza kutoka mle ndani,
"nimeambiwa nitishe watoto,
lakini joto litaniua mimi kwanza."
Tukacheka.
Kisha mimi nikaacha.
Jeupe lile nalijua. Mwaka juzi
nililishika pembe, nikalipima kwa shubiri,
tukamfunga baba.

Na nyuma ya Mwaringa, juu ya nyasi zilizonyolewa,
makaburi sita ya maboksi,
kila moja na jina la mtu asiyekufa,
herufi zimenyooka, rangi haijakauka.
Baba yangu yuko Kikowani.
Hana jina juu yake. Ana jiwe la tumbawe
na mche wa mrehani
ambao mbuzi wa watu huurudia kila ukichipua.
Nikayaonea gere maboksi.
Halikukaa. Liliingia kama mwiba, likatoka.

Mwenye nyumba akaja na kofia ya kichawi
na sinia la peremende.
"Lazima mnitishe kwanza," akawaambia watoto.
Wakatazamana. Swabra, ndiye mkubwa, akapiga moyo konde:
"Hodi."
"Karibuni!" akasema yule mama,
uchawi wote umemtoka.

Ngazini maboga kumi na mawili yamechongwa meno,
mshumaa ndani ya kila tumbo.
Watoto wakahesabu meno.
Riziki hakuyatazama hata moja.
"Na nyama yake, mama, mmeitia wapi?"
Ilikuwa nyuma ya jikoni, ndoo nzima,
ikingojea kumwagwa jaani.

Tukarudi watu watano na ndoo.
Kila tuta, Riziki aliikumbatia
kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Akaipika usiku uleule: tui zito, iliki,
sukari kidogo, chembe ya chumvi.
Tukala kwa vidole, sufuria katikati,
peremende zimesahauliwa mfukoni zikiyeyuka.

Saumu akaokota kifuu, nusu ile yenye uso.
Tundu moja lilikuwa laini, mawili akayatoboa kwa msumari,
hakuhitaji kuchonga chochote zaidi.
Akakiegemeza kizingitini,
nyuma yake kipande cha mshumaa.

Akapita fundi Mbwarali na baiskeli ya mtu.
Akasimama, akainama, akatazama uso ule mdogo.
"Kwenu stima zimepotea?"

Nyuma ya mlango Saumu amejiziba mdomo kwa mikono miwili.
Nikanyoosha mkono, nikazima taa ya ndani,
fundi wa watu asije akawa amekosea.